Sadaka Mbele ya Kamera: Nia, Amana na Sitara

Asasi ya hisani inayotaka kujulikana mtandaoni hukutana na swali ambalo dini zimelijadili kwa karne nyingi: je, wema ufanywe kwa siri au uonekane na watu? Katika mwambao wa Tanga, kuanzia Mkinga mpakani mwa Kenya, kupitia Tanga mjini na Muheza, hadi Pangani, swali hili ni la kila siku. Madrasa, vituo vya kulea yatima, hospitali za makanisa, vikundi vya kulinda mikoko na asasi za kutetea haki za wanawake huendeshwa kwa michango, na wachangiaji wengi hawaishi tena katika mtaa unaosaidiwa. Wako Dar es Salaam, Muscat, Istanbul au Birmingham. Wanachokijua kuhusu asasi ni kile wanachokiona kwenye Facebook, Instagram, TikTok na makundi ya WhatsApp. Asasi isiyoonekana huko hupata tabu kuchangiwa. Inayoonekana hulazimika kuamua ionyeshe nini, na imwonyeshe nani.

Picha iliyozoeleka inajulikana na wote. Ramadhani inapofika, mifuko ya unga, mchele, sukari na tende hupangwa mbele ya bango lenye jina la mfadhili, na wanaopokea husimamishwa nyuma ya mifuko hiyo. Kamera hupiga, na kabla ya magharibi picha iko mtandaoni. Wakati wa Krismasi hali huwa hiyohiyo katika vituo vya watoto. Walioipanga picha mara nyingi ni watu wema, wanaojitolea muda wao bila malipo, na mifuko ile imefika kweli kwa wenye haja. Swali la kimaadili halihusu wema wao. Linahusu kile kilichochukuliwa kwa mpokeaji wakati alipokuwa anapewa.

Siri na dhahiri katika dini

Kurani haikatazi sadaka ya wazi. Aya ya 271 ya sura ya Al-Baqara inaisifu, kisha inaeleza kwamba kuificha na kuwapa mafukara ni bora zaidi kwa mtoaji. Aya ya 264 ya sura hiyohiyo inaonya kuwa sadaka hubatilishwa na masimbulizi na maudhi, na inamweka mwenye kusimbulia katika kundi moja na anayetoa mali ili watu wamwone. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, miongoni mwa watu saba watakaopata kivuli cha Mwenyezi Mungu siku ya kiyama yumo aliyetoa kwa siri kiasi kwamba mkono wake wa kushoto haukujua ulichotoa wa kulia.

Lakini Muslim amepokea pia, kutoka kwa Jarir bin Abdullah, kisa cha watu wa kabila la Mudhar waliofika Madina wakiwa karibu uchi kwa ufukara. Mtume alihuzunika, akawahimiza watu watoe. Mtu mmoja wa Ansari alikuja na mfuko mzito mbele ya hadhara, na wengine wakamfuata mpaka yakapatikana marundo mawili ya chakula na nguo. Ndipo Mtume akafundisha kuwa mwenye kuanzisha jambo jema hupata thawabu yake pamoja na mfano wa thawabu za watakaomwiga. Sadaka ile ilionekana na kila mtu, na ikasifiwa kwa sababu ilizaa nyingine.

Ukristo unabeba mvutano huohuo ndani ya hotuba moja. Katika sura ya 5 ya Injili ya Mathayo, wafuasi wanaambiwa nuru yao iangaze mbele ya watu. Katika sura ya 6 wanakatazwa kupiga tarumbeta wanapotoa sadaka. Maneno hayo hayapingani, kwa kuwa tofauti iko katika anayetukuzwa: katika sura ya 5 watu wanauona wema na kumtukuza Mungu, katika ya 6 wanamsifu mtoaji. Mwanafalsafa wa Kiyahudi Maimonides, aliyefariki mwaka 1204, alipanga sadaka katika ngazi nane. Ya juu kabisa ni kumwezesha mtu ajitegemee, na inayoifuata ni ile ambayo mtoaji na mpokeaji hawajuani.

Mafundisho yote haya yanakubaliana katika jambo moja: wazi na siri, kila kimoja kina mahali pake. Kinachoamua ni nia, pamoja na matokeo kwa watu.

Nia ya mtu na nia ya asasi

Mtu mmoja akitoa sadaka, kipimo cha nia yake kiko moyoni mwake, na hakuna mwanadamu anayeweza kukisoma. Ndiyo maana wanazuoni walionya pande zote mbili. Fudhail bin Iyadh, mchamungu wa karne ya 8, alifundisha kuwa hata kuacha jema kwa kuogopa macho ya watu ni namna ya riya, yaani kutenda kwa ajili ya macho ya watu, kwa kuwa watu bado ndio wanaotazamwa.

Asasi haina moyo. Ina bodi, bajeti, ratiba na ripoti, na nia yake husomeka humo. Mitandao ya kijamii nayo haina nia, ila ina mwelekeo: husukuma mbele kile kinachowafanya watu wasimame kutazama, na watu husimama mbele ya uso wenye machozi kuliko mbele ya jedwali la hesabu. Asasi inayofuata mwelekeo huo bila kujihoji huanza kuchagua kazi kwa kufuata picha. Kugawa mifuko hupigika picha vizuri. Kumtembelea mgonjwa aliyelala kitandani kila wiki, kufuatilia shauri la mjane mahakamani hadi lifike mwisho, au kumfundisha mtoto mzito kusoma kwa miaka miwili, hakuna picha yake. Siku ambayo kazi za aina ya pili zinaachwa kwa sababu hazivuti wafuasi, riya imekwisha kuingia katika mfumo wa asasi, hata kama kila mfanyakazi wake ana moyo safi.

Kwa hiyo kipimo cha riya ya asasi kiko nje, na kila mtu anaweza kukitumia. Je, kazi hii ingeendelea kama simu zote zingezimwa? Je, muda na fedha zinazokwenda kwenye kutangaza zinaendana na zile zinazokwenda kwenye kutenda? Je, mahali palipochaguliwa kusaidiwa ndipo penye haja kubwa zaidi, au ndipo panapofikika kwa gari la wapiga picha?

Haja ya kujulikana

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo unafaa pale mnunuzi na kizuri wako soko moja. Kikundi cha akina mama wa kijiji kimoja cha Mkinga kinachotunza watoto wa ndugu waliofariki hakiwezi kujiuza kwa mtu wa Muscat asiyewahi kusikia jina la kijiji hicho. Hapo hufaa msemo mwingine, mficha uchi hazai: anayeificha shida yake hapati wa kumsaidia. Asasi inayojificha kwa kuona haya haibebi peke yake hasara ya haya hiyo. Wanaoibeba ni wale wasiofikiwa na msaada. Kwa sababu hiyo kujulikana kunaweza kuwa wajibu.

Jambo hili si geni Tanga. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika Magila, katika eneo la Muheza ya leo, katika miaka ya 1860. Kazi yao ilitegemea michango ya Uingereza, na kuanzia mwaka 1883 jarida lao, Central Africa, liliwapelekea wasomaji wa huko habari za shule, hospitali na watoto waliolelewa na misheni. Wapo wachangiaji walioahidi kulipia matunzo ya mtoto mmoja mmoja. Katika miaka ya 1890 misheni hiyohiyo ilichapisha Magila gazeti la Kiswahili, Habari za Mwezi, lililosomwa na watu wa huku. Zilikuwa karatasi mbili kwa hadhira mbili. Moja iliwasimulia watu wa Bonde, yaani wenyeji wa eneo hilo la Magila, kwa Waingereza, nyingine ilisomwa na watu wa Bonde wenyewe. Mtoto aliyeandikwa kuwa fukara katika jarida la London hakuwa na hofu kuwa jirani yake angelisoma.

Leo karatasi hizo mbili zimekuwa ukurasa mmoja. Picha inayowekwa kwa ajili ya mfadhili wa Ulaya huonekana jioni hiyohiyo kwenye simu ya mwanafunzi anayeketi dawati moja na mtoto aliyepigwa picha, na kwenye simu ya mama mkwe, na ya mwenye duka anayedai deni. Hapa ndipo mitandao ya kijamii ilipobadilisha swali la kale. Zamani hatari kubwa ya sadaka ya wazi ilikuwa kwa mtoaji na roho yake. Sasa hatari kubwa ni ya mpokeaji na heshima yake kwa watu anaoishi nao.

Sitara ya anayepokea

Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliona jambo hili. Katika Ihya Ulumuddin, anapoeleza siri za zaka, anataja kuwa katika kutoa kwa wazi kuna ubaya wa tatu mbali na masimbulizi na riya, nao ni kuipasua sitara ya fukara. Huenda fukara akaumia kwa kuonekana tu katika sura ya mhitaji. Al-Ghazali anamtofautisha na anayeomba hadharani, kwa kuwa huyo ameiondoa sitara yake mwenyewe. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa leo. Mama aliyekuja kuchukua unga kwa sababu ameitwa na mjumbe wa mtaa hakuomba mbele ya dunia. Alikuja mbele ya watu ishirini, akaonyeshwa kwa maelfu.

Kurani nayo, katika aya ya 273 ya Al-Baqara, inawataja mafukara ambao asiyewajua huwadhania ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Hao wanatajwa kuwa wanastahili sana kupewa, na ndio watakaokuwa wa kwanza kukimbia wakiona kamera. Ugawaji unaodai picha kama malipo huwachuja wenye haya nje ya foleni. Desturi ya mwambao ya kumpelekea jirani futari katika sinia lililofunikwa kawa ililinda jambo hilohilo. Kila nyumba inatuma na kila nyumba inapokea, na mpita njia hajui ni ipi iliyokuwa haina kitu jikoni.

Wengi hujibu kuwa mpokeaji aliulizwa, akakubali. Lakini ridhaa ina masharti. Mtu mwenye njaa anayeulizwa kama apigwe picha, huku mfuko wa mchele ukiwa mkononi mwa anayeuliza, hana nafasi ya kukataa. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha msingi wa maadili cha mwaka 1785, alifundisha kuwa mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Hata lengo likiwa kupata fedha za kuwasaidia mafukara wengine mia, fukara huyu mmoja bado hajageuka kuwa chombo. Ridhaa ya kweli huombwa baada ya msaada kwisha kutolewa, na mtu asiyeshika msaada huo, kwa kueleza waziwazi kuwa picha itaonekana wapi na kwamba ikishasambaa haitarudishwa.

Kwa watoto jambo ni zito zaidi. Mzazi au mlezi hamiliki uso wa mtoto. Ameushika kwa amana mpaka mtoto akue. Mtoto wa miaka sita aliyepigwa picha akiwa na kamasi na nguo iliyochanika atakuwa kijana wa miaka ishirini anayetafuta kazi au mchumba, na picha itakuwa ingalipo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaweka maslahi bora ya mtoto kuwa jambo la kwanza katika uamuzi unaomhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawabana wanaokusanya na kutumia taarifa za watu, zikiwemo za afya na za watoto. Sheria imefika mahali ambapo maadili ya sitara yalikuwa yamefika zamani.

Aibu na ushahidi

Haifuati kwamba uso wa anayeteseka usionyeshwe kamwe. Mwaka 1904, katika Kongo iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold II, mmisionari wa Kiingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba aitwaye Nsala akiutazama mkono na mguu wa binti yake vilivyokatwa na walinzi wa kampuni ya mpira. Baba huyo ndiye aliyekuja misheni na mabaki hayo akitaka uovu ujulikane. Picha hiyo na nyingine zilionyeshwa katika mikutano Ulaya na Marekani, na shinikizo lililotokana na kampeni hiyo lilichangia Leopold kunyang'anywa Kongo mwaka 1908. Nsala alionyeshwa kama shahidi. Aibu ilimwangukia mkosaji.

Mfano wa pili unaonyesha upande mwingine. Machi 2012 asasi ya Marekani iitwayo Invisible Children ilitoa filamu ya Kony 2012 kuhusu watoto waliotekwa na waasi wa Joseph Kony kaskazini mwa Uganda. Ndani ya wiki moja hivi ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100. Kwa kipimo cha kujulikana mtandaoni, mafanikio yake hayakuwa na mfano. Lakini ilipoonyeshwa Lira, kwa watu ambao vita hivyo viliwapitia, wengi walikasirika. Waliona mateso yao yamefanywa hadithi ya vijana wa Marekani, na vita vinasimuliwa kama bado vinaendelea kwao ilhali Kony alikuwa ameondoka Uganda miaka kadhaa kabla. Filamu iliwafikia wote isipokuwa wenye habari, na ilipowafikia wao waliikataa.

Mifano hii miwili inatoa kipimo kimoja: je, anayeonyeshwa anaweza kusimama mbele ya picha yake, mbele ya watu wake, na kusema haya ndiyo niliyotaka kuyasema? Pangani kuna njia iliyokaribia kipimo hicho. Asasi ya UZIKWASA, ambayo jina lake limetokana na Uzima kwa Sanaa, imefanya kazi vijijini kwa michezo ya kuigiza na kwa redio ya kijamii ya Pangani FM. Katika sanaa ya namna hiyo, wanakijiji huigiza tatizo lao bila kumtaja mwenye kisa, na watazamaji hujadili. Unyanyasaji wa mke au mimba ya mwanafunzi huzungumzwa hadharani, na mwanamke aliyepitia hayo hubaki na sitara yake. Jambo limeonekana, mtu hakuanikwa.

Ushahidi kwa mfadhili wa mbali

Inabaki hoja iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni ya amana. Anayetuma fedha kutoka mbali kwa ajili ya kuchinja wanyama wa Idi, kuchimba kisima au kulipa ada amemfanya kiongozi wa asasi kuwa wakala wake. Wakala ana deni la kuthibitisha. Wapo waliokula fedha za yatima, na wafadhili walioumwa wana haki ya kudai ushahidi. Serikali nayo inadai: kanuni za mwaka 2018 chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 zilizitaka asasi zinazopokea zaidi ya shilingi milioni 20 kuweka wazi vyanzo na matumizi ya fedha hizo.

Lakini picha ya mpokeaji ni ushahidi dhaifu. Inaonyesha kuwa mtu fulani alishika mfuko fulani wakati fulani. Haionyeshi mifuko mingapi ilinunuliwa, kwa bei gani, wala kama mfuko huo ulibaki kwake kamera ilipoondoka. Ushahidi wenye nguvu ni stakabadhi, hesabu zilizokaguliwa, orodha ya waliopokea iliyotiwa saini na kutunzwa ofisini bila kuanikwa, barua ya mtendaji wa kijiji na ziara za ghafla za mkaguzi. Kisima kinaweza kupigwa picha kikitoa maji, na mbuzi wakihesabiwa kabla ya kuchinjwa. Kwa hiyo amana na sitara hazigombani. Amana inadai fedha zionekane, na sitara inadai mtu asianikwe.

Zipo kazi ambazo hazina mgongano wowote. Asasi zinazopambana na uvuvi wa baruti, zinazopanda mikoko au zinazosaidia wavuvi kufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, zinaweza kuonyesha kila kitu: mwamba uliopasuliwa na mwamba uliopona, mche uliopandwa na msitu uliokua. Hifadhi ya bahari ya silikanti ya Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009, ilijulikana kwa samaki wa kale aliyenaswa katika nyavu za wavuvi wa huku, na umaarufu huo haukumfedhehesha yeyote. Hata asasi zinazohudumia watu zina mengi ya kuonyesha bila kumfunua mtu. Zinaweza kumwonyesha fundi akiezeka darasa, muuguzi akieleza dalili za ugonjwa, hesabu za mwezi zikifafanuliwa kwa Kiswahili chepesi, na makosa yaliyotokea pamoja na hatua zilizochukuliwa. Mhitimu aliyekwisha kusimama kwa miguu yake anaweza kusimulia safari yake kwa jina lake akitaka, kwa kuwa sasa ana nguvu ya kukataa.

Kutokana na haya, kanuni za asasi ya mwambao inayotaka kujulikana zinaweza kuwekwa kwa ufupi. Kazi ionyeshwe, hesabu zionyeshwe, na wanaobeba dhamana waonyeshwe kwa majina yao ili wahojiwe. Mfadhili akitaka jina lake litajwe, litajwe kwenye ripoti au ukutani mwa jengo, lisitundikwe juu ya kichwa cha anayepokea. Uso wa mhitaji usitumike wakati wa kupewa. Ukitumika baadaye, iwe kwa ridhaa ya mtu aliye huru, mwenye jambo analotaka kulisema. Watoto, wagonjwa na waliodhalilishwa walindwe hata pale wao au walezi wao wanapokubali. Kila kinachoandikwa kuhusu kijiji kiandikwe kwa namna ambayo kijiji chenyewe kitakisoma bila kuinamisha uso. Asasi itakayoshika kanuni hizi huenda ikapata wafuasi wachache kuliko jirani yake anayeanika machozi, na hasara hiyo ni sehemu ya sadaka yenyewe. Nia ya kila mtoaji itabaki kati yake na Mungu wake. Heshima ya anayepokea imo mikononi mwa watu, nao ndio watakaoulizwa juu yake.